Tanzanite au tsavorite: ukiwa na hela ya jiwe moja tu, uchukue lipi?

Hili swali haliishi, hasa msimu wa harusi ukikaribia. Mtu katenga hela yake, hataki almasi, anataka jiwe la kwetu, kachuja chuja mpaka yamebaki mawili, tanzanite na tsavorite, la bluu na la kijani, sasa anataka aambiwe lipi ni "bora". Mi huwa sijibu hivyo, nauliza kwanza vitu viwili: unataka jiwe la ukubwa gani, na litakaa wapi, kidoleni, shingoni au sikioni. Ukishanijibu hayo, rangi yenyewe karibu inajichagua. Kwa wenye haraka jibu ni hili hapa: jiwe dogo la kuvaa kila siku kidoleni chukua tsavorite, jiwe kubwa la shingoni au masikioni chukua tanzanite. Katikati ya hapo ndo kwenye maneno, na maneno yenyewe ni marefu kidogo kwa hiyo kaa vizuri.

Kwanza haya mawe ni ndugu, wengi hawajui. Yote mawili ni silikati, yaani msingi wake ni silikoni na oksijeni, na yote yamebeba kalisi na alumini. Tsavorite ni ganeti, ile jamii inaitwa grosula, tanzanite ni zoisaiti. Tofauti kubwa ipo kwenye namna chembe zake zilivyopangana: ganeti imepangika sawasawa pande zote, zoisaiti imepangika tofauti kila upande. Shika hilo, maana mambo mengi yanayofuata hapa chini, rangi, kupasuka, hata namna fundi anavyolikata jiwe, yanaanzia hapo. Na kinachotia rangi ni kilekile, vanadi, chembe kidogo sana iliyokaa mahali pa alumini, japo tsavorite nyingine zina kromi pia. Vanadi hiyohiyo ikiwa ndani ya ganeti unaona kijani, ikiwa ndani ya zoisaiti unaona bluu na zambarau.

Hata walikozaliwa ni kumoja. Zamani sana palikuwa na matope ya chini ya bahari yaliyojaa mabaki ya viumbe, matope ya aina hiyo ndo hukusanya vanadi, yakafukiwa, mabara yakagongana, yakapikwa na kukandamizwa mpaka yakawa mwamba unaoitwa naisi, na yale mabaki ya viumbe yakageuka kinywe, ile kitu nyeusi ya ndani ya penseli. Mwamba huo uko kwenye Ukanda wa Msumbiji, unaoshuka kupitia Kenya na Tanzania mpaka Msumbiji, na Madagaska nayo ilikuwa imeshikana na huku enzi hizo. Wanajiolojia wanaiweka tanzanite kwenye miaka milioni 585 hivi, tsavorite imeitangulia kidogo. Pale Mirerani, wilaya ya Simanjiro, yote mawili yanatoka kwenye kilima kimoja, na ukiwaona wanaapolo, yaani wachimbaji wadogo, wanapotoka shimoni utaelewa habari ya kinywe bila kufundishwa: weusi tii kuanzia nywele mpaka kope, unang'aa ule weusi kama wamepakwa grisi, na mtu anaweza kutoka hivyo siku nzima bila hata kijiwe cha kushika mkononi.

Mwaka wa kugunduliwa nao ni mmoja, 1967. Tanzanite hapa nyumbani anayetambuliwa kuigundua ni mzee Jumanne Mhero Ngoma, na mwaka 2018 Rais Magufuli akampa shilingi milioni 100 kama shukrani ya taifa, mzee akafariki mwanzoni mwa 2019. Wengine watakutajia Manuel d'Souza, fundi cherehani mwenye asili ya Goa aliyekuwa anatafuta madini upande huohuo na akasajili eneo mwaka uleule. Tsavorite ni habari ya Campbell Bridges, mjiolojia Mskochi, aliyeiona Lemshuko, Simanjiro hiyohiyo, 1967. Serikali yetu ilipotaifisha migodi mwanzoni mwa miaka ya sabini akavuka mpaka, akafuata mwamba uleule upande wa Kenya, akaikuta tena Taita Taveta, na inasimuliwa alikuwa analala kwenye nyumba ya juu ya mti kwa ajili ya wanyama. Aliuawa mwaka 2009 karibu na Voi, kwenye mgogoro wa eneo la uchimbaji. Na majina yote mawili ya biashara yalitoka duka moja la New York, Tiffany & Co, tanzanite 1968, tsavorite miaka michache baadaye, kwa heshima ya mbuga ya Tsavo.

Haya, uadimu. Hapa ndo madalali wanapopiga kelele sana na hapa ndo mnunuzi anapochanganywa. Tanzanite ni adimu kwa mahali: eneo lenyewe ni kilomita kama 7 kwa 2 tu, Mirerani, na mpaka leo hakuna sehemu nyingine duniani inapochimbwa kibiashara. Zoisaiti ya kawaida ipo nchi nyingi, hata hapa Longido kuna ile ya kijani yenye madoa mekundu ya rubi ndani wanayochongea vinyago na mayai ya urembo, lakini hiyo siyo tanzanite, mtu asikuuzie kwa bei hiyo. Tsavorite imetawanyika zaidi: Taita Taveta kule Kasigau, Simanjiro, kusini kwetu kule Ruangwa, na Madagaska. Ukisikia hivyo unasema basi tanzanite ndo adimu zaidi. Ngoja kwanza.

Mwezi Juni 2020 Saniniu Laizer aliiuzia serikali mawe mawili ya tanzanite, moja la kilo 9 na ushee lingine la kilo 5 na ushee, kwa shilingi bilioni 7.7, na kabla ya Agosti kuisha akaleta lingine la kilo zaidi ya 6. Kilo! Sasa angalia upande wa pili. Jiwe la tsavorite linaloitwa Simba wa Merelani, lililopo jumba la makumbusho la Smithsonian kule Washington tangu 2023, limetoka hapohapo Mirerani, lina karati 116.76 baada ya kukatwa, na dunia nzima ya vito ilisimama kulishangaa. Karati 5 ni gramu 1, kwa hiyo tunaongelea gramu 23 na kidogo. Najua moja ni ghafi na lingine limekatwa, haulinganishi moja kwa moja, lakini hata ukipunguza asilimia yoyote ya upotevu unayotaka picha haibadiliki. Tanzanite inatoka sehemu moja ila inatoka kubwa. Tsavorite inatoka sehemu nyingi ila inatoka vipande vipande, hasa ya Kenya, maana inakaa ndani ya mwamba kwa mabonge ya mviringo yaliyojaa nyufa, ukiligonga bonge linavunjika na sehemu safi unayobaki nayo ni ndogo. Tsavorite safi ya zaidi ya karati 2 tayari ni jiwe la kuwekewa heshima, ya zaidi ya 5 unaweza kuzunguka sana mjini usiione.

Hiyo ndo inazaa tabia ya bei, na bei ndo imewaleta wengi hapa. Kwenye tsavorite bei ya kila karati inapanda kwa kasi jiwe likikua, karati moja ya jiwe la karati 3 haiko hata karibu na karati moja ya jiwe la nusu karati. Tanzanite nayo inapanda lakini taratibu, kwa sababu mawe makubwa yapo. Kwa hiyo ukiwa na bajeti ileile, tsavorite itakupa kijiwe kidogo kizuri sana na tanzanite itakupa jiwe ambalo mtu wa meza ya pili anaweza kuliona. Bei kamili sitaki kuandika maana mwakani mtu ataisoma hapa akagombane na muuzaji.

Sasa rangi, na hapa naomba mtu asome pole pole.

Tanzanite inatoa rangi tofauti kila upande unaotazama, ni ile habari ya chembe kupangika tofauti. Ghafi yake nyingi ikitoka ardhini ukiizungusha unaona bluu upande mmoja, zambarau upande mwingine, na upande wa tatu kahawia au wekundu wa kutu, na kwa jumla jiwe linaonekana la kahawia kahawia tu ambalo mtu asiyejua angelipiga teke. Linachomwa kwenye tanuri, nyuzi kama 500 mpaka 600, ule ukahawia unaondoka, bluu na zambarau zinabaki. Rangi hiyo hairudi nyuma, haififii, na soko zima la dunia limeikubali, kwa hiyo mtu akikuambia kwa sauti ya chini "hii imechomwa" kama siri, mwambie asante, karibu zote zimechomwa. Zipo chache zilizopata bluu zenyewe ardhini, na pia zipo za kijani na za waridi ambazo wakusanyaji wanazilipia, ila hizo siyo za mtu anayetafuta pete ya kwanza. Zile hadithi za radi kupiga kichaka Mirerani, moto ukawaka, Wamasai wakakuta mawe ya bluu juu ya ardhi, nimezisikia kwa madalali kwa matoleo mengi na zinanogesha mazungumzo ya kahawa.

Jaribu hivi ukiwa na jiwe mkononi. Toka nje ya duka au sogea mlangoni, kwenye kivuli siyo juani, weka karatasi nyeupe, shika jiwe kwa kibanio kwa pembeni, halafu lizungushe pole pole huku unalitazama kwa upande. Tanzanite itahama, bluu, inakuja zambarau, inarudi bluu. Tsavorite haihami, kijani ni kijani kila upande. Halafu rudi ndani chini ya taa ya njano, ile bulbu ya zamani: tanzanite itasogea kwenye zambarau, nyingine mpaka zinaonekana zina wekundu kidogo. Kwa hiyo jiwe ulilolipendea chini ya taa za duka linaweza likawa tofauti mezani kwako kwenye chakula cha usiku, na wengine wanaipenda tanzanite kwa hiyo hiyo tabia, mi mmojawapo. Lakini kama ni mtu unayetaka rangi unayoijua ikae vilevile asubuhi mpaka usiku, tsavorite haikusumbui.

Kuna jambo la ukubwa na rangi ambalo wauzaji wengi hawakwambii kwa sababu lina hasara kwao. Tanzanite rangi yake inahitaji kina. Jiwe la chini ya karati moja mara nyingi ni samawati hafifu, kama limepaushwa, siyo ile bluu nzito ya kwenye picha za intaneti, ile ya picha ni ya jiwe la karati 3, 5 na kuendelea. Tsavorite ni kinyume chake kabisa, hata kijiwe cha milimita 2 kinawaka kijani, na tatizo lake ni kwamba jiwe likiwa kubwa mno linaweza kuwa giza. Ndo maana nauliza ukubwa kabla ya rangi. Mtu anayenunua tanzanite ya nusu karati kwa sababu "ndo bajeti inaruhusu" ananunua jina tu, rangi haipo, wakati bajeti hiyohiyo ingempa tsavorite ya nusu karati ambayo ni jiwe kamili lenye kila sifa yake.

Mwanga nao una mshindi wake. Tsavorite inapinda mwanga zaidi, kipimo chake ni kama 1.74, tanzanite 1.69 mpaka 1.70, kwa hiyo ikikatwa vizuri inarusha cheche kuliko tanzanite, na inaizidi hata zumaridi kwa hilo. Tanzanite uzuri wake ni ule mfuko wa rangi ndani, velveti, siyo cheche. Kama umeona tanzanite ina dirisha katikati, yaani ukiliweka jiwe juu ya maandishi unayasoma kupitia katikati yake, fundi aliacha jiwe jembamba ili kuokoa uzito, na uzito huo unaulipia wewe. Hapohapo kuna mchezo mwingine wa fundi: kulielekeza jiwe ili uso wake uwe bluu safi mara nyingi kunapoteza uzito zaidi kuliko kuliacha lielekee zambarau, kwa hiyo zambarau zinakuwa nyingi sokoni na bluu safi zinauzwa ghali zaidi. Ukiipenda zambarau, na wapo wanaoipenda kuliko bluu, una bahati, umepata unafuu bila jiwe kuwa na kasoro yoyote.

Kitu kidogo cha kukumbuka ukilinganisha karati kwa karati: tsavorite ni nzito, ujazo ukiwa sawa inaizidi tanzanite kwa kama asilimia 8 hivi. Maana yake tsavorite ya karati moja inaonekana ndogo kidogo kwa macho kuliko tanzanite ya karati moja. Agizia kwa milimita, siyo kwa karati, hasa kama pete tayari sonara ameshaitengeneza.

Tuje kwenye uimara, na hapa sina lugha ya kubembeleza.

Kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs tanzanite iko 6 mpaka 7, wengi wanasema 6.5. Tsavorite ni 7 mpaka 7.5. Watu wanaona tofauti ya nusu na kusema ni ndogo, lakini mpaka wa hatari uko katikati yao palepale: kwatzi ni 7, na kwatzi ndo imejaa kwenye vumbi na mchanga wa kila siku. Unafuta jiwe lako na ncha ya shati, likiwa kavu, lina vumbi la bodaboda juu yake, hapo umepitisha vijichembe vya kwatzi juu ya tanzanite kwa kusugua. Haitaonekana leo. Baada ya mwaka mmoja au miwili ya kuvaa kila siku kingo za juu zinaanza kuwa butu, uso unapoteza ule mng'ao, watu wanasema "jiwe limezeeka" au "niliuziwa feki", kumbe jiwe ni halali kabisa ila limesuguliwa. Tsavorite nayo siyo safaya wala almasi, itapata alama zake, lakini inavumilia zaidi.

Kubaya zaidi ni kupasuka. Tanzanite ina upande mmoja ambao inapasuka kirahisi, kwa mstari ulionyooka, ni tabia ya zoisaiti tangu kuumbwa. Ukigonga pete kwenye sinki, kwenye mlango wa gari, kwenye chuma cha daladala ukiwa umeshikilia, na pigo likaangukia upande huo, jiwe linaweza kukatika vipande viwili na hakuna gundi ya kurudisha thamani. Ganeti haina upande wa namna hiyo. Tanzanite pia haipendi joto la ghafla, kwa hiyo zile mashine za masonara za kuosha kwa mitetemo na za mvuke, hapana, na sonara akitaka kuchomelea pete kwanza jiwe litoke, usikubali aseme "nitakuwa mwangalifu". Asidi pia weka mbali. Kuosha nyumbani ni maji ya uvuguvugu, sabuni ya maji kidogo na mswaki laini wa mtoto, suuza, kausha kwa kitambaa laini. Tsavorite iosheni hivyohivyo tu, haina hasara.

Kwa hiyo pete ya uchumba, inayovaliwa miaka, na mtu anayepika, anayefua, anayebeba watoto, nesi, mwalimu wa chaki, fundi? Tsavorite, na hata sibishani. Kama moyo umegoma na ni lazima iwe tanzanite kidoleni, basi mwambie sonara aizungushie dhahabu pande zote badala ya kuishika kwa vikucha vinne, jiwe likae chini kidogo lisijitokeze, na mwenye pete akubali kuivua akienda jikoni. Pete ya kutokea tu, ya kanisani au ya sherehe, tanzanite haina shida. Hereni na mkufu ndo nyumbani kwake: havigongwi, havisuguliwi, na pale unaweza kuweka jiwe kubwa lenye rangi nzito ambalo ndo sifa yake.

Feki, kwa kifupi. Mpaka sasa hakuna tanzanite halisi ya maabara inayouzwa sokoni, wala tsavorite. Mtu akikuuzia "tanzanite ya maabara" anakuuzia kitu kingine: kioo, au YAG (jiwe la kutengenezwa maabara) iliyotiwa rangi, au fosteraiti ambayo nayo ni silikati ila ya magnesi. Fosteraiti inajitoa yenyewe ukiitazama kwa lenzi ya mara 10, ukichungulia kutoka juu kingo za nyuma zinaonekana mbili mbili, kwenye tanzanite huko kuachana ni kudogo sana. Kioo kina vipovu vya mviringo. Kuna pia tanzanite halisi iliyopakwa utando mwembamba wa kobalti ili jiwe hafifu lionekane zito, hizo ziligunduliwa 2008, na utando unaanza kuchubuka kwenye kingo, kwa hiyo angalia kingo za juu kwa lenzi kama rangi imetoka. Tsavorite inafananishwa zaidi na vioo vya kijani, YAG ya kijani, na mawe mengine halali ya bei nafuu kama tomalini ya kijani. Tomalini ukiizungusha rangi inabadilika, tsavorite haibadiliki, tayari umeshajua. Faida kubwa ya tsavorite hapa ni kwamba kwa kawaida haichomwi wala kutiwa chochote, limetoka ardhini, limekatwa, basi. Kwa wale ambao neno "imechomwa" haliwapi usingizi hata ukiwaeleza vipi, chukueni hili.

Na zile herufi za ubora. "Bosi wangu hii ni tripo A, angalia mwenyewe." Hakuna chombo cha kimataifa kinachotoa tripo A kwa mawe ya rangi, kila duka lina A zake, la kwanza linaita A kile ambacho la pili linaita tripo A. Ukiwa na jiwe la hela nzito dai cheti cha maabara, pale Arusha kuna Kituo cha Jemolojia Tanzania, halafu hakikisha uzito na vipimo vya kwenye cheti ndo vya jiwe lililo mbele yako, pima kabisa. Nunua kwa mwenye leseni na udai risiti, siyo kwa kijana aliyekunong'oneza barabarani na karatasi mfukoni. Tangu ukuta unaozunguka migodi ya Mirerani, wa kilomita 24.5, uzinduliwe Aprili 2018 na masoko ya madini kuanza mwaka uliofuata, jiwe lisilo na karatasi zake lina maswali, na ukikamatwa nalo uwanja wa ndege maswali hayo ni yako siyo ya aliyekuuzia. Walioko nje, Muscat, London, Minnesota, mkiagiza kwa ndugu huku mwambieni karatasi kwanza picha baadaye. Na picha zenyewe, ombeni video ya jiwe likizungushwa kivulini, siyo juu ya kiganja chini ya taa ya duka.

Wanaochagua kwa mwezi wa kuzaliwa: wafanyabiashara wa vito wa Marekani waliiingiza tanzanite kwenye mawe ya Desemba mwaka 2002, na ganeti ni ya Januari siku zote, tsavorite ikiwa ganeti inahesabika. Kama hesabu ya miezi haikuhusu ruka.

Wanaouliza kama akiba, kwamba "mgodi ukiisha bei itapaa": mimi nisingeweka ada ya mtoto humo. Kuuza jiwe moja la kukatwa ukiwa mtu binafsi ni kazi, mnunuzi anataka bei ya jumla na wewe ulinunua ya rejareja. Ila ukinilazimisha nichague kwa mtazamo huo, ningesema tsavorite safi ya zaidi ya karati 2, kwa sababu ya ile habari ya mabonge yenye nyufa, jiwe kubwa safi halijawahi kuwa jingi, wakati tanzanite ya ukubwa huo unaipata kila duka la vito Arusha, na kwenye tanzanite ningeanza kufikiria hivyo kwa mawe makubwa ya bluu nzito tu.

Kuna wanaotaka yote mawili, na kwa kweli yanapendezana: tanzanite kubwa katikati, vijiwe vya tsavorite vya milimita 2 vimeizunguka, kila jiwe limewekwa kwenye ukubwa ambao rangi yake inakubali. Mkufu wa hivyo nausifu kuliko pete. Mkiagiza, mwambieni sonara amalize kwanza kazi yote ya moto, kisha apachike vijiwe vya kijani, tanzanite iingie mwisho, na hiyo bidhaa nzima muioshe kwa sabuni na mswaki laini, mashine ya sonara iishie kwenye cheni tupu.